Kwa Miguu Kutoka Lushoto Hadi Mtae

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari za safari tuliyofanya katika likizo ya Juni mwaka 2023, tulipokuwa Kidato cha Tatu. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitayataja majina ya wenzangu, kwa kuwa mmoja wao ameapa kwamba nikimtaja hatanisalimu mpaka siku ya mtihani wa mwisho. Basi nitawaita kwa vyeo tulivyopeana wenyewe kabla ya kuondoka: Kiongozi, Mweka Hazina na Mpishi. Mimi nilikuwa Katibu, cheo kisicho na uzito wowote ila wa daftari moja na kalamu mbili.

Shauri lilianza kwa Kiongozi. Yeye kazaliwa Tanga mjini, lakini asili yao ni Mtae, kule mwisho wa milima ya Usambara, na bibi yake mzaa baba yungali hai huko. Bibi huyo alikuwa ameleta salamu kwamba amepata mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwamba angependa kumwona mjukuu wake kabla hajafikia hali ya kumjua kwa sauti tu. Baba yake alitaka kumpeleka kwa basi. Kiongozi akaomba aende kwa miguu kutoka Lushoto, kama alivyokuwa akifanya marehemu babu yake, ambaye katika ujana wake alikwenda Lushoto na kurudi mara nyingi, mzigo begani, akilala kwa jamaa njiani. Mzee alicheka sana akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akasema, "Nenda, lakini usiende peke yako." Ndivyo sisi watatu tulivyoingia katika jambo hili.

Yafaa nieleze kwanza habari ya mizigo, maana safari ya namna hii ni mizigo kwanza na miguu baadaye. Mwalimu wa Skauti alituazima shanta nne na hema moja la turubai, la zamani lakini zima. Tulikwenda kupima vitu vyetu katika mizani ya duka la jirani: unga wa sembe kilo 5, maharage kilo 3, dagaa, chumvi, sukari, majani ya chai, sufuria mbili, blanketi nne, masweta, tochi, kamba, sabuni, na kibiriti tulichokitia katika kopo tupu la kahawa kisipate maji. Hema peke yake, pamoja na nguzo zake na vigingi, lilikuwa kilo 11. Mwenye duka alitutazama kwa muda, kisha akauliza kama tunahama.

Tena kulikuwa na mchango wa Sh. 25,000 kwa kila mtu. Watatu tulitoa. Mpishi hakutoa. Nyumbani kwao mambo hayakuwa mazuri mwaka ule, na sote tulijua. Kiongozi alikwisha kutuambia pembeni kwamba tutamlipia, wala neno hilo lisizungumzwe. Lakini jioni ile Mpishi alikuja, akalishika hema, akalifunga juu ya shanta yake kwa kamba, akalikaza vizuri, akasema, "Mchango wangu huu hapa." Hatukujibu kitu. Nami kama Katibu nikaandika katika daftari, chini ya majina matatu yenye fedha: Mpishi, hema.

Tulipanda basi Tanga alfajiri, tukapita Muheza na Korogwe hadi Mombo, na kutoka hapo barabara ikaanza kupanda kwa kona nyingi kupitia Soni. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, tulifika mchana, tukalala kwa jamaa yake Kiongozi. Juni huko si mwezi wa kuchezea. Sisi watu wa pwani tulivaa masweta yote tuliyokuwa nayo, na watoto wa pale walikuwa wakitupita na mashati tu.

Asubuhi tukashika njia ya Magamba. Sitasema mengi juu ya saa mbili za kwanza, kwa sababu nilichokuwa nikikiona ni visigino vya Mweka Hazina tu. Shanta ni kitu cha ajabu: ukiivaa nyumbani huoni tabu, lakini mlimani mikanda yake hukata mabega, na kila ukisimama kupumzika huwa nzito zaidi unapoivaa tena. Tulifika msituni tukalipa ada, tukapewa mtu wa kutuongoza. Msitu huu wa Magamba umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2010, na ndani yake mna giza la kijani, na kimya, na harufu ya majani yaliyooza. Tuliwaona mbega, wale nyani weusi wenye manyoya marefu meupe, wakiruka juu kabisa kama watu wanaotupiana shuka. Kiongozi akatusimulia habari za Mbegha, yule mwindaji wa Ngulu, ambaye kwa masimulizi ya Wasambaa aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba yao, akawagawia watu nyama, nao wakamfanya mfalme. Mpishi akasema kwamba sisi tuna dagaa, kwa hiyo tusitazamie cheo kikubwa.

Tulipotoka msituni tukaingia katika nchi ya mashamba, kabichi na viazi na karoti zimepandwa mpaka ukingoni mwa njia. Hapo tulikutana na mama mmoja aliyekuwa na tenga la kabichi kichwani na mtoto mgongoni. Tukamwamkia. Akaitikia, akatutazama mizigo yetu, akauliza:

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi kitu, mama," alijibu Mweka Hazina. "Tunatembea tu."

"Mnatembea na mizigo?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani kawatuma?"

Hatukuwa na jibu. Mama akacheka, akamwambia mwenzake neno kwa Kisambaa, wote wawili wakacheka tena, wakatupita wakipanda kilima kile tulichokuwa tunatafuta nguvu ya kukipanda. Tulimgeukia Kiongozi atufasirie. Maskini, Msambaa huyu wa Tanga mjini hakuelewa hata neno moja, na uso ulimshuka.

Niliweka hesabu katika daftari. Kabla ya kufika Lukozi tuliulizwa tunauza nini mara saba, na mara nne tuliulizwa kama gari letu limeharibika. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alikwenda kwa miguu hadi Vuga kumwona Mfalme Kimweri, nami nadhani yeye naye aliulizwa hivyo hivyo. Katika milima ile kubeba mzigo ni kazi ya kila siku, na anayebeba lazima awe na jambo: anapeleka sokoni, au anatoa shambani, au anahamia kwa mume. Mtu mwenye afya anayejitwika kilo kumi na tano kwa kupenda kwake tu, hana mahali pa kuwekwa. Sikuona haya kwa hilo, lakini tangu kukutana na mama yule niliacha kuugua kwa sauti.

Lukozi tulifika jua limekwisha kuzama. Ni mahali pa soko, ambapo malori hupakia mboga za kwenda hata Dar es Salaam. Mwenye duka mmoja, mtu mwema, alituruhusu kusimamisha hema nyuma ya nyumba yake. Mweka Hazina akakaa juu ya jiwe, akavua viatu vyake ambavyo vilikuwa vipya kabisa, na tochi ilipommulika tulinyamaza. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, na kisigino cha kulia kilikuwa nyama nyekundu.

Hapo ndipo palipotokea mashauri ya usiku kucha. Basi la kwenda Mtae hupita pale. Mweka Hazina akasema atapanda peke yake, atatungoja huko. Kiongozi akakataa; akasema tulitoka pamoja na tutafika pamoja, kwa hiyo ni afadhali sote tupande, babu yake atamsamehe. Mimi niliona ni maneno ya busara, na miguu yangu iliona hivyo zaidi. Mweka Hazina akahesabu fedha, akasema nauli ya watu wanne ipo.

Mpishi alikuwa akikoroga maharage. Hakugeuka. Alisema, "Ninyi pandeni. Mimi nitakuja kwa miguu."

Tulidhani ni ukaidi. Kiongozi akamwuliza anataka kumwonyesha nani nguvu zake. Mpishi hakujibu. Mweka Hazina naye, kwa maumivu aliyokuwa nayo, akasema neno kali ambalo sitaliandika. Nilikuwa nimeshika daftari nikiandika hesabu ya nauli, na karatasi ilipofunuka nikauona mstari ule: Mpishi, hema. Nikafahamu. Maadamu tulikuwa tunatembea, alikuwa amelipa kama sisi, na pengine zaidi yetu. Lakini ndani ya basi hema ni mzigo wa buti tu, na yeye angekuwa abiria aliyelipiwa nauli na wenzake. Nikampa Kiongozi daftari bila kusema, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Akausoma chini ya tochi. Akakaa kimya kwa kitambo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amefikiri tena, na kwamba tutakwenda polepole, tulale Rangwi badala ya kukaza mwendo, na Mweka Hazina atavaa kandambili na soksi, na mzigo wake tutaugawa.

Kuugawa kukawa kesi nyingine. Mpishi alitaka auchukue wote. Kiongozi akasema la, bali hema tulibebe kwa zamu. Mpishi akaliweka mkono juu, kama mtu anayechelea kuibiwa. Mwisho tuliafikiana hivi: hema abaki nalo yeye, lakini sufuria, unga na blanketi yake tumpokonye sisi. Maharage tuliyapika yote, tukala na jamaa ya mwenye duka na mlinzi wake, maana mzigo ulio tumboni haukati mabega.

Siku ya pili tulitembea kwa mwendo wa kinyonga. Na vinyonga tuliwaona, mmoja akivuka njia akatushinda mbio. Kule Rangwi kuna nyumba ya masista wa Kikatoliki ambao hupokea wasafiri. Sista mmoja mzee alikiosha kile kisigino kwa maji ya moto na chumvi, Mweka Hazina akipiga kelele zisizofaa katika nyumba ya dini, kisha akakifunga kitambaa safi. Wakatupa nafasi ya hema uani. Usiku ikanyesha mvua kubwa. Hema lile ni la watu watatu, nasi tulikuwa wanne, hata mmoja akitaka kugeuka ilibidi atoe taarifa. Lakini hata tone moja halikuingia. Nilimsikia Mweka Hazina akisema gizani, "Turubai zuri hili." Mpishi akajibu, "Zuri." Neno la Lukozi likaishia hapo.

Siku ya tatu ilikuwa ya ukungu. Tulitembea saa nyingi tukisikia jogoo, mashoka na sauti za watu bila ya kuwaona wenyewe. Tuliirudia barabara ya basi upande wa Sunga, na basi lenyewe likatupita, watu wakatupungia mikono kwa huruma. Mtae imejengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na alasiri tulipokuwa tukiikaribia ukungu ukapasuka mara moja, tukaona kwamba ukingo wa njia ndio ukingo wa nchi. Chini yetu, kiasi cha mita elfu moja, zilikuwa zimetandazwa nyanda za Mkomazi, pori la akiba tangu 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, na ng'ambo yake milima ya Upare. Kilimanjaro tuliiona kesho yake asubuhi kwa muda wa dakika tano, kisha mawingu yakaifunika.

Bibi alikuwa amekaa barazani. Kiongozi akasimama mbele yake na shanta mgongoni, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," alisema bibi, akamvuta, akamshika uso kwa mikono miwili, akamsogeza karibu sana na macho yake, akamtazama kwa muda mrefu. "Pua ya babu yako," akasema. Kiongozi hakuweza kusema kitu, nasi tukaanza kushughulika na mikanda ya shanta zetu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kisha bibi akaanza kuipima mizigo. Alikwenda toka shanta hata shanta, akiinua kila moja kwa mkono mmoja na kuitua. Yangu aliitua upesi mno. Alipofika kwenye hema alitumia mikono miwili, akaguna, akauliza, "Huu nani kaubeba?"

"Mimi, bibi," alisema Mpishi.

"Kutoka wapi?"

"Kutoka Lushoto."

Usiku alichinjiwa jogoo, na sote twajua firigisi ni ya nani katika sahani ya wageni. Kiongozi alikwisha kunawa mikono na kujiweka tayari. Bibi akaitafuta katika mchuzi kwa kijiko, akaipata, akaiweka katika sahani ya Mpishi.

"Lakini bibi," alilia Kiongozi, "mjukuu ni mimi!"

"Wewe umekuja na miguu," alisema bibi. "Mwenzio amekuja na nyumba."

Tulikaa siku mbili. Basi la kurudi huondoka Mtae alfajiri mapema, kungali giza, na nauli ya watu wanne Mweka Hazina aliilipa bila ya mtu yeyote kusema neno. Mpishi alilala tangu basi lilipoondoka hadi Magamba, kichwa chake kikiwa juu ya hema, maana alikataa lisitiwe katika buti.