Habari Isiyo na Isnadi



Wanafunzi wangu wa madrasa hapa Mwanza wanajua kwamba somo la Hadithi kwangu huanza kwa swali moja: "Nani kakwambia?" Mwenye kuleta maneno ya Mtume (S.A.W.) hana budi amtaje aliyempokelea, na huyo naye amtaje wake, mpaka ifike kwa Sahaba. Mlolongo huo ndio isnadi. Ukikatika mahali pamoja tu, au akiwamo mtu asiyejulikana, hadithi huwa dhaifu, hata maneno yake yawe matamu namna gani.

Mwaka 2021 swali hilo lilitufaa nje ya darasa. Chanjo ya Korona ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai, na simu zikajaa ujumbe wa WhatsApp uliodai kwamba kila aliyechanjwa atakufa ndani ya miaka miwili. Maneno hayo alipachikwa Luc Montagnier, mtaalamu wa Kifaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua virusi vya Ukimwi pamoja na mwenzake.

Mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, alinijia baada ya sala ya Alasiri pamoja na mwanawe.

"Sheikh, wanangu wananikataza chanjo. Wasema ni kifo. Nifanyeje?"

Nikamjibu, "Mama, mimi si tabibu. Lakini habari hii tuipime kama tupimavyo hadithi."

Nikamuuliza kijana ameipata wapi. Kwa rafiki yake. Na rafiki? Katika kundi. Na aliyeileta kundini? Hajulikani. Juu ya ujumbe palikuwa na mishale miwili, alama ya kuwa umekwisha kupitishwa mara nyingi. Mishale ipo, majina hayapo! Na Montagnier mwenyewe, ni kweli alizipinga chanjo hizo hadharani, lakini maneno ya miaka miwili hayamo katika mahojiano yake waliyodai kuyanukuu. Sisi habari ya namna hiyo twaiita mawdhuu, yaani ya kuzuliwa.

Nikamshauri amuulize daktari anayemtibu sukari yake. Akaenda, akachanjwa. Miaka hiyo miwili imekwisha pita na mingine juu yake, na dagaa twanunua kwake, alhamdulillahi.

Lakini tuseme kwa uadilifu: uvumi hupata makao penye kimya. Baada ya tarehe 29 Aprili 2020 takwimu za Korona zilikoma kutangazwa hapa nchini kwa zaidi ya mwaka, na wenye khofu wakachota popote walipopata. Maradhi ya Marburg yalipozuka ng'ambo ya Ziwa, mkoani Kagera, Wizara ya Afya iliyataja kwa jina tarehe 21 Machi 2023, pamoja na dalili zake na idadi ya waliokufa. Watu 6 walifariki, na tarehe 2 Juni yakatangazwa kwisha. Mwenye kuuliza alikuwa na pa kuuliza.

Aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat yatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Basi, ndugu zangu, ujumbe wa dawa au maradhi ukikufikia, uliza nani kasema, na mwenye elimu hiyo anasemaje. Usipopata jibu, ufute. Mpokeaji wako huenda ni mama mgonjwa anayekuamini, nawe utaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.