Mtoto Akinyamaza Darasani, Si Ati Hajui

Wasee, tuongee ukweli kidogo. Mtoto akinyamaza darasani tunasema ni mzito. Ushawahi kujiuliza anafikiria kwa lugha gani?

Chukua darasa la Gredi ya 2 pale Eastleigh. Mmoja anaongea Kisomali nyumbani, mwingine Kiborana, mwingine Kikamba, na yule wa nyuma ni Sheng tupu. Mwalimu ni mmoja, kitabu ni cha Kiingereza. Sera inasema madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya eneo. Iko poa. Sasa niambie, lugha ya eneo ya Eastleigh ni gani?

Shule niliyosomea, ukishikwa ukiongea kilugha ulivishwa diski shingoni mpaka umnase mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu adhabu kama hizo kwa kitabu cha 1986, na bado sisi tukazipata. Wengi tulijifunza kunyamaza. Halafu ripoti fomu ikaandikwa "ajitahidi kushiriki." Ati nini?

Simu inaweza kusaidia hapa, lakini sisemi ichukue kazi ya mwalimu. Hiyo tulijaribu 2020. Shule zilifungwa Machi, masomo yakaletwa kwa redio, TV na YouTube, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Mwenye bando alisoma. Asiye nayo alikaa tu.

Mimi nasema tuchanganye. Jioni kabla ya somo, mtoto asikize maelezo ya dakika tatu kwa lugha ya nyumbani, kwa simu ya mzazi. Kesho yake darasani, wanaoongea lugha moja wakae pamoja, wajadiliane, halafu watoe jibu kwa Kiswahili ama Kiingereza. Mwalimu hahitaji kujua lugha tano. Anahitaji tu kuwapa nafasi. Na bando isiwe kisingizio: faili moja ya sauti ikishapakuliwa, inapita kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu.

Najua mzazi atasema, "Nimelipa fee ajue Kizungu." Sawa, atakijua. Lakini mtoto aliyeelewa kwa nini maji ya sufuria hupungua yakichemka, kumfunza jina lake la Kizungu ni kazi ya siku moja. Aliyekariri jina bila kuelewa, swali likigeuzwa kidogo tu amepotea.

Mtaniuliza, wewe uliyeacha chuo, masomo yanakuhusu nini? Kazi yangu ni kueleza kitu kwa dakika moja mpaka mtu wa Kayole aelewe. Nikiposti kwa Kiingereza napata laiki. Nikiposti kwa Kiswahili napata maswali. Na mtu akiuliza swali, ujue ameingia ndani ya stori.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali ikuze na ilinde lugha zetu zote. Tukingoja serikali, tutazeeka. African Storybook ina hadithi za watoto za bure kwa lugha nyingi za Afrika, na unaruhusiwa kutafsiri zingine. Kama unajua kilugha chenu vizuri, chagua hadithi moja wikendi hii, isome kwa sauti, ujirekodi, umtumie mwalimu wa mtaani kwenu. Ukikwama na kuediti, inboksi yangu iko wazi.