Kuna Kitu, Si Kitu

Mjomba wangu ndiye aliyenifunza kuhesabu mizani, barazani kwake Tanga, akigonga ukingo wa kiti kwa kidole: nane, kituo, nane. Ndiyo maana nilishtuka kuliko wenzangu alipoanza kupotewa na maneno. Kichwa kilimuuma kila alfajiri, akawa anatapika. Wengine wakasema ni malaria, wengine macho. Mimi niliona kwamba mishororo aliyoniandikia ilipungua hadi mizani kumi na nne, na kwamba kikombe alikiita "kile cha chai".

Akapigwa picha ya kichwa. Daktari akatuambia, "Kuna kitu." Hakuongeza neno, akatuelekeza Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI. Usiku ule nilimshika mkono, nikasema, "Usijali, mjomba. Si kitu."

Alinitazama kitambo. "Daktari asema kuna kitu. Nawe, mwanangu, wasema si kitu. Nimsadiki nani?"

Nilidhani ni mzaha, maana kucheza na maneno ni kazi yake. Haukuwa mzaha. Nyumba nzima tulikuwa tumelikimbia neno uvimbe. Mkaza mjomba alisema "hali hiyo". Binamu zangu, "mambo ya kichwa". Mara ngapi nimeisifia tafsida ya Kiswahili mbele ya wanafunzi! Safari hii ilikuwa imemwacha mtu peke yake na jambo ambalo sote tulilijua.

Asubuhi nilimuuliza anachokiogopa. Hakutaja kifo. Anaogopa, alisema, kisu kupita mahali yanapokaa maneno. Tukazungumza hadi adhuhuri. Nilimweleza niliyoyapata kwa daktari: kwamba si kila uvimbe wa ubongo ni saratani, kwamba upo unaoota kwenye tando zinazoufunika ubongo, nao aghalabu hukua polepole, kwamba mara nyingi hakuna wa kukata shauri mpaka kipande kipimwe maabara. Aliposikia saratani akatabasamu. "Kwa Kiarabu huyo ni kaa. Mimi mtu wa pwani, kaa namjua." Lile la kisu sikuwa na jibu lake, nami sikulitunga.

Hospitalini walimvua saa na pete, wakamuuliza kama ana chuma chochote mwilini, kwani mashine ile hufanya kazi kwa sumaku yenye nguvu nyingi. Kelele zake zilinifikia mlangoni. Alipotoka alisema, "Haina vina, lakini mizani yake haiyumbi. Nimeihesabu."

Tukaketi kwenye benchi kungoja. Akaniomba karatasi, akaandika taratibu mno, kisha akanipa nihesabu:

Nitajieni uvimbe, kwa jina msifiche.

Nilihesabu kwa kidole juu ya goti. Nikarudia. Wiki moja kabla ningesema umetimia.

"Kumi na tano, mjomba. Utao una saba."

Alinyamaza. Nilimwona akiutafuta ule mmoja, midomo ikichezacheza, na mkono wangu ulitamani kuichukua kalamu. Nikaukalia. Watu wawili waliitwa, wakaingia, wakatoka. Hatimaye akaifuta "kwa", akaandika neno baada ya "jina", akanirudishia karatasi.

Jina lake msifiche.

"Nane," nikasema.

Muuguzi akafungua mlango, akaita jina la mjomba. Alininyooshea mkono nimwinue, tukaingia.