Maua ya Bustani za Kisangani

Mto Kongo ufikapo Kisangani huwa umekwisha kuruka maporomoko saba, moja baada ya jingine, mwendo wa kilometa 100 hivi tangu upande wa Ubundu. Poromoko la mwisho ni lile la Wagenia. Hapo wavuvi wamesimamisha magogo marefu katikati ya maji makali, wakayafunga kwa kamba za mwituni, na juu yake huning'iniza mitego mikubwa yenye midomo mipana. Kila mgeni hupelekwa huko kutazama, na kweli yafaa kutazamwa. Lakini leo sitawapeleka Wagenia. Nataka tupite nyuma ya nyumba, mahali ambapo mgeni hapelekwi, tukatazame bustani za maua.

Mji huu uko karibu sana na mstari wa Ikweta. Mvua haukai mbali nao mwezi hata mmoja, na ardhi yake haihitaji kubembelezwa sana ili itoe kitu. Ukipita mitaa ya Makiso, Mangobo, Kabondo na Tshopo, au ukivuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, utaona uani mwa nyumba nyingi kitalu cha mboga na muhogo wa sombe. Katikati ya mboga hizo, ndani ya makopo ya zamani ya mafuta na ndoo zilizotoboka, yamesimama maua. Mengine yamepandwa kwa kupendeza macho tu. Mengine huuzwa kwa harusi, kwa altare ya Jumapili, na kwa misiba.

Mimi si mwenyeji wa Kisangani. Nilizaliwa upande wa Maniema, nikaja huku kufundisha. Miaka ya kwanza nilipita mbele ya bustani hizo kila asubuhi kama mtu apitaye mbele ya ukuta.

TULIVYOANZA

Siku moja darasani niliwauliza watoto waniambie sehemu za ua. Mtoto mmoja akasimama, akaeleza vizuri sana habari za ua la tulipu, kama lilivyochorwa kitabuni. Nikamwuliza: "Na lile lililo mlangoni pa shule yetu, ni ua gani?" Akanyamaza. Nikawatazama wengine, nao wakanyamaza. Mwisho nikajitazama mimi mwenyewe, maana hata mwalimu wao hakulijua jina lake.

Basi tukapatana kufanya picha za mimea yetu wenyewe. Hatukuwa na rangi wala brashi, lakini maua tulikuwa nayo. Tuliazimu kukusanya maua kwa watunza bustani, kuyabana na kuyakausha, kisha kuyapanga juu ya karatasi nene mpaka yawe picha za kutundika ukutani. Niliwapa watoto amri moja: asichume mtu hata jani kabla ya kubisha hodi, kusalimu na kuomba.

Amri hiyo ilitufungulia milango mingi. Mzee mmoja wa Mangobo, ambaye zamani alifanya kazi katika meli za mtoni, alitupa matawi ya bugenvilia ya rangi tatu. Hakutaka fedha, ila alitaka watoto wang'oe magugu yake kwa muda wa saa moja, nao wakayang'oa. Mwanamke kijana wa Kabondo, auzaye miche kando ya barabara, alitaka bei ndogo kwa kila shina. Watoto wengine walinung'unika. Niliwaambia ya kuwa ana haki, kwa sababu maua ndiyo shamba lake, na hakuna amwombaye mkulima mchele bure. Na mama mmoja mzee wa mtaa wa Tshopo alitupa kitu ambacho sikuwa nimekiona katika bustani nyingine yoyote: tawi la mmea utambaao, lenye majani makubwa mekundu, laini kama mahameli.

WAGENI NA MWENYEJI

Tulipoyatandaza maua yetu mezani na kutafuta asili yake, tulistaajabu. Karibu yote yalikuwa wageni. Bugenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Yale ya manjano yenye harufu kali yalitoka Meksiko. Kana, yenye mbegu nyeusi ngumu kama risasi, ni ya Amerika vilevile. Ua dogo la rangi ya waridi, limealo hata kwenye mchanga, lilitoka Bukini, nalo si la kudharauliwa: tangu miaka ya 1960 waganga hutumia dawa itokanayo na mmea huo kutibu kansa ya damu, nayo imeokoa watoto wengi ulimwenguni.

Lakini lile jekundu la mama wa Tshopo lilikuwa mwenyeji. Wataalamu huliita Mussaenda erythrophylla, nalo humea lenyewe katika misitu ya Afrika ya joto, pamoja na huu wetu wa Kongo. Tena lile jani jekundu silo ua. Ua lenyewe ni dogo, jeupe kama maziwa, lenye kitovu chekundu, na lile jani limekaa kando yake kama bendera ya kuwaita wadudu. Leo mmea huu hupandwa katika bustani za nchi nyingi za joto. Sisi tuliozaliwa karibu na msitu wake ndio tuliokuwa hatuujui.

KAZI YA KUKAUSHA

Kukausha ua katika mji wa mvua si kazi ya mvivu. Ua hulazwa katikati ya karatasi za gazeti, likanyoshwa majani yake kwa ncha ya vidole, kisha hufunikwa karatasi nyingine, ubao, na matofali juu yake. Karatasi hunywa maji ya ua, nazo hazina budi kubadilishwa kila siku, la sivyo ukungu huingia. Juma la kwanza tulizembea siku mbili tu, za Jumamosi na Jumapili. Jumatatu tulipofungua, nusu ya kazi yetu ilikuwa imevaa manyoya ya kijivu. Watoto wawili walilia. Baadaye tulijifunza kuanika karatasi karibu na jiko la makaa kabla ya kuzitumia.

Tulijifunza pia ya kuwa maua hayafanani tabia. Bugenvilia, ambayo tangu mwanzo ni kavu kama karatasi, hukauka upesi na kushika rangi yake. Maua ya manjano nayo ni mwaminifu. Meupe hugeuka rangi ya chai. Yale mekundu yenye kikombe kikubwa hugeuka zambarau ya giza. Na yaliyo manene, yenye maji mengi, huoza kabla ya kukauka usipoyapasua katikati. Kwa gundi tulipika uji mzito wa unga wa muhogo. Ulishika vizuri, lakini mende waliupenda kuliko sisi, hata ikatupasa kutundika picha mbali na kona.

Mwisho wa muhula picha 12 zilikuwa tayari. Tukawaalika wazazi, na watunza bustani wote waliotupa maua.

SWALI LA MAMA

Siku hiyo watu walikuwa wengi, nami nilijaa furaha, na labda majivuno pia. Juu ya picha nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa ya kuwa ni kazi ya darasa la sita chini ya uongozi wa mwalimu wao, na jina langu kamili likafuata. Yule mama wa Tshopo alikuja amevaa kitenge chake cha sikukuu. Alisimama kitambo kirefu mbele ya picha ya ua lake jekundu. Kisha akaniita kwa upole.

"Mwalimu, hapa kuna jina yako. Yangu iko wapi?"

Nikatahayari. Nikamjibu ya kuwa sote twajua, mama, ya kuwa ua ni lako. Akatikisa kichwa.

"Mimi najua, weye unajua. Lakini ukuta haijue."

Hakukasirika. Alikula biskuti, akanywa chai, akaniaga kwa heshima. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Mtu aliyepanda, akapalilia, akamwagilia miaka mingi, akatoa kwa moyo mkunjufu, hakuandikwa popote. Aliyebana na kupaka gundi ndiye aliyeandikwa.

SAFARI YA YANGAMBI

Wakati wa likizo nilipanda mtumbwi wa mashine, nikashuka mto kwenda Yangambi, mwendo wa kilometa 100 hivi kutoka Kisangani. Nilitaka kuona jinsi wenye ujuzi wanavyoifanya kazi ile ile. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha chuo chao kikubwa cha utafiti wa kilimo, wakafanya Yangambi kuwa makao yake. Huko ndiko ilikofanywa kazi ya michikichi iliyotangazwa mwaka 1941, iliyoeleza namna unene wa kokwa unavyorithiwa, kazi iliyobadili kilimo cha mawese ulimwenguni. Na huko iko hebariamu, yaani ghala ya mimea iliyokaushwa, yenye karatasi zipatazo 150,000.

Nilipofunguliwa kabati moja, moyo wangu uliruka. Ilikuwa kazi yetu kabisa! Tawi limebanwa, limekaushwa, limeshikizwa juu ya karatasi nene. Lakini pembeni mwa kila karatasi palikuwa na kitu ambacho picha zetu hazikuwa nacho: kikaratasi kidogo chenye maandishi. Jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma pamoja na namba yake. Nikaona mara kwa mara jina la J. Louis, Mbelgiji aliyekusanya maelfu ya mimea katika msitu ule miaka ya 1930. Mtunzaji alinieleza ya kuwa tawi lisilo na kikaratasi halina faida kwa mtaalamu, hata likiwa zuri namna gani. Ni jani kavu tu. Kikaratasi ndicho kinachomwezesha mtu wa miaka 80 baadaye kwenda mahali pale pale na kuuliza kama mmea ungalipo au umetoweka.

Nikaona na jambo la pili. Juu ya vikaratasi vingi palikuwa na jina la mmea kwa lugha ya Waturumbu, wenyeji wa nchi ile. Maana yake ni kwamba mtu fulani alisimama chini ya mti ule akamwambia mgeni: huu twauita hivi. Lakini katika karatasi nilizoonyeshwa, jina la mtu huyo halikuwapo. Ndiyo iliyokuwa desturi ya siku zile, wala si Kongo peke yake.

Hata ile bugenvilia ya mzee wa Mangobo ina habari kama hiyo. Iliandikwa na mtaalamu Mfaransa Philibert Commerson, aliyeiona karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767, akaipa jina la mkuu wa safari yao, Bougainville. Lakini Commerson alikuwa na ugonjwa wa mguu, na kazi kubwa ya kupanda milima na kubeba mimea ilifanywa na msaidizi wake, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume ili aweze kupanda meli. Ndiye mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia kwa bahari. Hakukuwa na mmea uliodumu na jina lake mpaka mwaka 2012, wataalamu walipouita mmea mmoja wa Amerika ya Kusini Solanum baretiae. Ilipita karibu miaka 250.

KIKARATASI

Niliporudi Kisangani niliwakusanya watoto, tukaanza upya. Tulikata vikaratasi 12, tukaenda tena nyumba kwa nyumba kuuliza: jina lako nani, mmea huu ulitoka wapi, wewe wauitaje? Mzee wa Mangobo alicheka sana, akataka tuandike na jina la meli yake. Tukaliandika.

Mama wa Tshopo alikuwa anamwagilia. Nikamwomba radhi, nikatoa kalamu. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema nisiandike jina lake kwanza. Mmea ule, akaeleza, ulitolewa ukingoni mwa msitu na mama yake mzazi, akauleta mjini ukiwa kipande cha shina ndani ya kitambaa chenye maji. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji huu, na makombora yakaanguka juu ya nyumba za raia. Mama yake alikufa siku hizo. Alizikwa kwa haraka, kama walivyozikwa wengi, na leo hakuna jiwe wala msalaba wenye jina lake. Mmea uliungua upande mmoja, ukachipua.

"Andika yake mbele," akasema. "Yangu itafuata nyuma."

Niliandika hivyo. Majina yenyewe siyatii gazetini, maana aliomba yawe kwenye picha ile, wala hakusema penginepo. Lakini atakayefika shuleni kwetu atayasoma, la mama na la binti yake, chini ya ua jekundu. Jina langu nimeliondoa juu, nikaliweka mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: aliyebana na kupaka gundi.

Basi, msomaji, huenda nawe una picha ukutani, au mche uani, au wimbo, au dawa uliyofundishwa na mtu. Muulize nani aliyekupa, na yeye alipewa na nani. Uandike majina hayo leo, wino ungali unapatikana na anayekumbuka yungali hai.