Hend Zaza: mtoto wa vita mbele ya meza ya Olimpiki

Mechi ilidumu dakika 24 tu. Ilikuwa tarehe 24 mwezi wa saba 2021, mjini Tokyo nchini Japani, siku moja baada ya Michezo ya Olimpiki kufunguliwa. Mchezo ulikuwa mpira wa meza, ule watu wengi wanaita ping-pong, upande wa wanawake, mtu mmoja kwa mmoja. Upande huu wa meza alisimama Liu Jia wa Austria, mama wa miaka 39. Upande wa pili alisimama Hend Zaza wa Syria, msichana wa miaka 12, mdogo kuliko wanamichezo wote waliofika Tokyo mwaka huo. Liu Jia alishinda seti 4 kwa 0.

Mtu akisikia matokeo hayo peke yake, atasema mtoto amefungwa, habari imekwisha. Lakini matokeo hayaelezi barabara ambayo mtu amepita.

Hend alizaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza 2009, katika mji wa Hama. Vita vya Syria vilianza mwezi wa tatu 2011, wakati yeye alikuwa na miaka 2. Ni kusema kwamba hana kumbukumbu ya nchi yake ikiwa na amani. Alipofika miaka 5 hivi, alimfuata kaka yake Obaida kwenye mazoezi, kama vile watoto wadogo wanavyowafuata wakubwa wao kila mahali. Akashika raketi, na tangu siku hizo hakuiacha.

Ping-pong inaonekana kama mchezo wa gharama ndogo. Kipira chenyewe kina uzito wa gramu 2,7 tu. Lakini wepesi huo ndio shida yake. Upepo kidogo tu unakipeleka pembeni, kwa hiyo mchezo unahitaji nyumba iliyofungwa vizuri, meza iliyonyooka na mwangaza wa kutosha. Hapo ndipo vita vinaingia. Ukumbi ambamo Hend alijifunza ulikuwa na meza zilizochakaa na sakafu ya saruji. Umeme ulikatika mara kwa mara, na giza likiingia kipira hakionekani tena. Kusafiri pia kulikuwa kugumu, basi kwa mwaka alipata mechi chache sana dhidi ya wachezaji wa nje.

Hata hivyo, ndani ya nchi yake alishinda ubingwa katika ngazi zote, kuanzia ya watoto mpaka ya wakubwa. Mwezi wa pili 2020 alikwenda Amman, nchini Yordani, kutafuta nafasi ya Olimpiki kwa eneo la Asia ya Magharibi. Alikuwa na miaka 11. Mbele yake alikuwa Mariana Sahakian wa Lebanoni, mwenye miaka 42.

Kwa wale ambao hawaujui mchezo huu: seti moja inachezwa mpaka pointi 11, na mshindi lazima amuache mwenzake kwa pointi 2. Katika mechi za namna hii, anayefikisha seti 4 kwanza ndiye anashinda. Siku ile ya Amman ilibidi zichezwe seti zote 7. Hend akashinda 4 kwa 3, akapata nafasi. Halafu ugonjwa wa Corona ukasogeza Olimpiki mbele mwaka mzima, na yeye akaendelea kungoja.

Siku ya kufungua michezo, Syria ilikuwa na wanamichezo 6 tu. Bendera ilibebwa na watu wawili, Ahmad Hamcho wa mchezo wa farasi, pamoja na Hend. Kesho yake msichana huyo akaingia ukumbini. Hakukuwa na watazamaji kwenye viti, sababu Corona ilikuwa imefunga milango. Seti ya kwanza alipoteza 11 kwa 4. Ya pili 11 kwa 9. Ya tatu 11 kwa 3, na ya mwisho 11 kwa 5.

Ni vizuri pia kumjua aliyeshinda. Liu Jia alizaliwa Beijing mwaka 1982. Akiwa na miaka 15 aliacha China akahamia Austria, na huko akapata mahali pa kufanya mazoezi na watu wa kucheza nao. Mwaka 2005 alikuwa bingwa wa Ulaya. Tokyo ilikuwa Olimpiki yake ya 6, na ile ya kwanza, ya Sydney mwaka 2000, aliicheza wakati Hend hajazaliwa bado. Nyumbani ana binti ambaye wakati ule alikuwa na miaka 10. Baada ya mechi alieleza kwamba alimwambia binti yake mpinzani wa mama amemzidi yeye miaka 2 tu, na mtoto akajibu kwamba basi mama asikubali kupoteza.

Mama huyo na msichana huyo walikumbatiana baada ya kipira cha mwisho. Hend hakuomba huruma. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba ilibidi apigane sana ili afike pale, na kwamba wote walio katika hali kama yake wapiganie ndoto zao hata mambo yakiwa magumu. Akasema safari nyingine anataka kupita hatua ya kwanza.

Katika Olimpiki hiyo hiyo kulikuwa pia na timu ya wakimbizi yenye watu 29. Mmoja wao ni Popole Misenga, mtoto wa Bukavu. Vita vilimtenganisha na familia akiwa mdogo, na judo alijifunza Kinshasa, katika kituo cha watoto waliohamishwa na vita. Baadaye alipata ukimbizi Brazil, na mwaka 2016 alishinda pambano moja katika Olimpiki ya Rio. Kabla ya yote hayo, kulikuwa na mtu aliyemwonyesha mkeka na kumwambia aingie.

Watu wanapenda kusifu ujasiri wa watoto wa vita. Sifa ni nzuri, lakini sifa hainunui meza wala haiwashi taa. Kati ya Hend na Liu Jia, tofauti haikuwa moyo. Mmoja alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kukutana na wachezaji wakubwa wa dunia. Mwingine alikuwa na ukumbi wa giza na safari za kuhesabu kwa vidole. Wakipewa nafasi iliyo sawa, nani anajua hesabu ingekuwaje?

Seti ya pili inatoa jibu kidogo. Katika seti ile, kati ya mtoto wa Hama na aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya zilibaki pointi 2 tu. Mzazi, mwalimu au kiongozi wa kambi anayesema kwamba michezo ya watoto ingoje kwanza amani irudi, akumbuke pointi hizo 2. Hend angengoja amani, asingefika Tokyo, na hakuna ambaye angejua kwamba alikuwa karibu namna hiyo.