Walisema kalewa ukumbini, kumbe ni kipanda uso: MC anayelala na kofia ya barafu

Kuna MC mmoja wa kike hapa Dar, jina kapuni, ambaye ukishahudhuria kicheni pati mbili tatu za Sinza au Mbezi lazima umeshamsikia. Sauti yake ndo mtaji wake. Sasa kuna kipande cha video kilimzungukia sana mtandaoni: yuko ukumbini usiku, kavaa miwani ya jua, kashika meza kwa mkono mmoja, halafu anamkabidhi maiki mtu wa muziki na kutoka nje mbio. Maneno yakawa mengi. Kalewa. Anatumia vitu. Wengine wakasema anatafuta kiki.

Ukweli ni kwamba dada anaumwa kipanda uso, tena kile cha kutapika. Kikimpanda, upande mmoja wa kichwa unagonga kama ngoma, mwanga unamchoma macho, na harufu ya pafyumu tu inamgeuza tumbo. Halafu fikiria kazi yenyewe: spika, taa za rangi, moshi wa jukwaani, saa sita usiku hajatia kitu mdomoni. Ugonjwa huu unaweza kumkaa mtu saa 4 mpaka 72, yaani siku 3 nzima. Na unawapata wanawake karibu mara 3 zaidi ya wanaume. Hakuna kamati ya harusi itakayoahirisha shughuli eti MC kichwa kinamuuma.

Kwa miaka aliambiwa ni malaria. Ananunua dawa bila kupima, siku ya pili kichwa kinaachia (kipanda uso huwa kinaondoka chenyewe, wadau), basi anaamini dawa imefanya kazi. Mama mkwe naye akaja na lake: "Mwanangu, kichwa cha upande mmoja si cha hospitali hicho, kuna mkono wa mtu." Akapelekwa akafukizwa. Akarudi na kichwa kilekile, ila sasa kinanuka moshi.

Akahamia kwenye vidonge vya maumivu. Hapo ndo pabaya zaidi, na watu wengi wa mjini wako hapo hapo bila kujua. Alikuwa anameza kabla ya shughuli, kinga ati, hata kama kichwa hakijaanza. Daktari alipomwambia ahesabu siku anazokunywa kwa mwezi, vidole vya mikono vikaisha, akahamia vya miguu. Dawa za kawaida za maumivu ukizinywa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe zinaanza kukuletea maumivu ya kichwa. Unameza kwa sababu kinauma, kinauma kwa sababu unameza.

Alipoambiwa azipunguze, siku za mwanzo zilikuwa moto. Usiku mmoja akachukua barafu ya mfuko, ile ya kutengenezea juisi, akaifunga kwenye paji la uso kwa mtandio, akalala nayo. Maumivu yalipungua kweli. Asubuhi akaamka na alama nyekundu pale barafu ilipokaa, baadaye ikawa nyeusi. Baridi nayo inaunguza ngozi, tena ukiwa umelala husikii, maana inatia ganzi. Wiki mbili akawa anaizika kwa fandesheni nzito.

Wifi yake ndo akamletea kofia kutoka Kariakoo. "Wifi, vaa hii, acha kumeza vidonge kama karanga." Ni kofia ya kitambaa kinachovutika, ndani ina jeli. Unaigandisha kwenye friza, ukiivaa inashuka mpaka machoni, kwa hiyo inakupa baridi na giza kwa pamoja. Si jambo jipya hilo. Mwaka 1849 daktari mmoja wa Uingereza, James Arnott, alishaandika kuhusu kutibu kichwa kwa barafu iliyochanganywa na chumvi. Na utafiti uliochapishwa Hawaii mwaka 2013 uliwafunga wagonjwa barafu shingoni mara maumivu yanapoanza, wakapata nafuu. Baridi inabana mishipa ya damu na kupooza mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu. Haiponyi, inakupa nafasi ya kupumua.

Ila hii habari ya kuivaa usiku kucha, inayopigiwa debe na wauzaji, ina walakini. Jeli haikai baridi mpaka alfajiri, joto la Dar unalijua. Na ikiwa imeganda sawasawa, hutakiwi kulala nayo. Utaratibu wake sasa: kofia ya friza, kitambaa chepesi chini yake, dakika 20 na alamu ya simu, anatoa. Kisha anavaa ya pili iliyokaa kwenye friji tu, ambayo ina ubaridi lakini haijaganda, anasinzia nayo. Kama usingizi ukija mapema, mumewe anaivua. Shemeji yetu huyo kwa kweli apewe maua yake, maana umeme ukikatika ndiye anayebisha hodi kwa jirani mwenye jenereta, saa nane usiku, mkononi kashika kofia.

Kilichomuuma kuliko yote ni nywele. Rasta nene zinazuia baridi kufika kichwani, na kusuka kwa kubana kwenyewe kunaamsha maumivu. Akanyoa. MC wa kike kunyoa mjini hapa? Maneno yakaanza upya, safari hii eti ni masharti ya mganga. Wigi anavaa saa za kazi tu, tena la kulegea.

Vidonge havijaisha mkobani, ila anaandika kwenye daftari kila siku anayomeza, na mwezi uliopita zilikuwa 6.

Baada ya ile video, familia moja ilimfuta kwenye sendofu ya binti yao, na pesa ya utangulizi wakadai. Familia nyingine ya Tabata aliamua kuifuata mwenyewe na kueleza kila kitu, na kofia akaitoa mkobani. Mama wa bibi harusi akaigeuza geuza, akaipima kichwani kwake juu ya kilemba, halafu akauliza inauzwa shilingi ngapi.