Kanyangi na karatasi ya sita

Ukitaka kwenda Kanyangi, msomaji, amka alfajiri. Panda matatu ya Kitui jijini Nairobi, upite Machakos na Masii, kisha Wamunyu kwa wachonga vinyago, na baadaye uvuke Mto Athi. Ukifika mji wa Kitui usidhani safari imekwisha. Nyosha miguu, kunywa chai, kisha utafute gari jingine la kuelekea kusini. Huenda ukakaa na kuku miguuni na gunia la ndengu mgongoni, na ukishuka vumbi jekundu litakuwa limekupaka hanjamu usiyoiomba.

Nilikwenda huko wakati wa kiangazi, nikiwa na mpwa wangu ambaye anasoma chuo Nairobi. Alikuwa amepata kitambulisho chake majuzi tu. Swali lake lilikuwa moja, na ndilo lililotupandisha gari: je, ajiandikishe kupiga kura wapi, Nairobi anakoishi au Kanyangi aliko bibi yake? Swali hilo, bila shaka, liko katika nyumba nyingi za mjini, maana uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti, 2027.

Kanyangi ni soko, na pia ni jina la wadi. Ni moja kati ya wadi nne za eneo bunge la Kitui Rural. Nyingine ni Kisasi, Mbitini na Kwavonza/Yatta. Upande wa magharibi utaliona genge refu la Yatta, tambarare ya lava iliyomiminika zamani za kale ikaganda kwa urefu wa karibu kilomita 300. Nyuma yake unapita Mto Athi, na ng'ambo ya Athi ni kaunti nyingine, Makueni. Nchi ni kavu. Watu hulima mtama, mbaazi, kunde na ndengu, na hungojea mvua za mwisho wa mwaka kuliko zile za Machi. Mito midogo huwa mchanga mtupu miezi mingi. Kina mama huchimba mashimo mchangani, maji yakajikusanya polepole, wakayateka kwa kikombe hadi mtungi ujae. Kisha punda hubebeshwa.

Susu wa mpwa wangu (ndivyo Wakamba wamwitavyo nyanya) alitukaribisha kwa muthokoi. Kabla hatujamaliza kula alikwisha kuanza kutuhesabia shida zake. Maji yako mbali. Zahanati ina nesi lakini dawa huisha. Njia ya kwenda shambani imekatwa na korongo. Darasa la chekechea halitoshi watoto. Nilimsikiliza, nikagundua jambo ambalo sisi wa mjini hulisahau: karibu yote aliyoyataja si ya Rais wala si ya mbunge. Ni ya kaunti.

Hebu tulieleze taratibu, maana wengi hulichanganya. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti, 2010 iliigawa kazi ya serikali mara mbili. Shule ya msingi na ya upili, polisi, chifu na kitambulisho ni vya serikali ya kitaifa. Zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, njia za mashambani, masoko, majosho ya ng'ombe na maji ya wananchi vikapewa kaunti. Kwa hiyo katika uwanja mmoja wa shule unaweza kukuta darasa la kwanza likiwa la Nairobi na chekechea, hatua ishirini tu kando yake, ikiwa ya Kitui. Mzazi hana habari. Yeye huona paa limevuja, basi.

Kaunti ina gavana, na ina bunge lake. Bunge la Kaunti ya Kitui hukutana mjini Kitui. Nchi nzima ina kaunti 47 na wadi 1,450. Nairobi peke yake ina 85, Kitui ina 40. Kila wadi hupeleka mtu mmoja. Huyo ndiye mwakilishi wadi, ambaye watu wazima wa Kanyangi bado humwita diwani, kwa mazoea ya zile halmashauri zilizovunjwa mwaka 2013. Lakini diwani wa zamani alikuwa mtu wa kuomba kwa waziri wa serikali za mitaa. Mwakilishi wadi wa sasa hupitisha bajeti ya kaunti, na mgao wa Kitui kutoka hazina ya taifa umekuwa ukizidi shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Hutunga sheria za kaunti, huwahoji mawaziri walioteuliwa na gavana, na theluthi mbili za wawakilishi wakikubaliana wanaweza kumpeleka gavana mwenyewe mbele ya Seneti aondolewe.

Sasa siku ya kupiga kura. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati huo hafukuzwi. Unawekewa kidole kwenye mtambo wa tume ya uchaguzi, jina lako linatokea, kisha unapewa karatasi sita: ya Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, na ya sita ya mwakilishi wadi, ambayo katika chaguzi zilizopita imekuwa ya rangi ya kahawia hafifu. Hiyo ya sita ndiyo watu huitia alama kwa haraka, na wengine wakiwa wamechoka. Susu alicheka niliposema hivyo. Yeye, alisema, huianza hiyo, ndipo aende kwa wakubwa.

Mshindi ni yule mwenye kura nyingi, hata akiwa na chache. Hakuna nusu wala robo inayotakiwa, tofauti na Rais, ambaye lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Wakiwa wagombea kumi katika wadi moja na kura zikagawanyika, mtu anaweza kwenda bungeni kwa kura moja katika kila tano. Wale wanne waliobaki kura zao zimekufa. Ndiyo sababu ukoo na kijiji huwa na nguvu sana: anayeunganisha ukoo mkubwa mapema amekwisha kula nusu ya chungu.

Nchi nyingine hazifanyi hivi. Chukua Andalusia, jimbo la kusini mwa Uhispania lenye bunge lake la viti 109. Huko mpiga kura hachagui mtu. Huchagua orodha ya chama katika mkoa wake, nayo mikoa ni minane, na viti vya mkoa hugawanywa kulingana na kura za kila orodha, bora chama kiwe kimepata angalau asilimia 3 ya kura halali za mkoa. Orodha imefungwa, huwezi kumpandisha huyu ukamshusha yule. Na kiongozi wa serikali ya jimbo huchaguliwa na wabunge wenyewe, si na wananchi, ilhali gavana wetu tunamchagua moja kwa moja. Uzuri wa mtindo wao ni kwamba kura chache hupotea. Ubaya wake, kwa maoni yangu, ungeonekana hapa Kanyangi: susu angemlilia nani juu ya korongo lake? Orodha haina boma wala mlango wa kubisha.

Hata hivyo na sisi tuna orodha, ingawa wengi hawaijui. Katiba inakataza watu wa jinsia moja wapite theluthi mbili katika bunge la kaunti. Tuseme wadi 40 zimechagua wanaume 38 na wanawake wawili. Wanaume 38 wakiwa theluthi mbili, bunge lazima liwe na watu 57, na wanawake wawe 19. Basi wanawake 17 wataongezwa. Hutoka katika orodha ambazo vyama hupeleka kwa tume kabla ya uchaguzi, pamoja na wale wa kuwakilisha walemavu, vijana na makundi yaliyotengwa. Lakini angalia ujanja wa hesabu: viti hivyo hugawiwa vyama kulingana na wadi vilizoshinda, si kura vilizopata. Chama kilichoshika nafasi ya pili katika kila wadi hakipati hata kimoja.

Ndiyo maana mchujo wa vyama huwa na moto kama uchaguzi wenyewe. Huku Kitui, kwao Kalonzo Musyoka, tiketi ya Wiper imekuwa kitu cha kugombaniwa. Lakini si hirizi. Mwaka 2017 kaunti ilimchagua Charity Ngilu kuwa gavana kwa tiketi ya Narc, na mwaka 2022 ikamrudisha Julius Malombe wa Wiper, aliyekuwa gavana wa kwanza. Anayeshindwa kwenye mchujo, au asiyetaka chama, anaweza kusimama peke yake akipata sahihi za wapiga kura 500 wa wadi, bora asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ada ya tume mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na walemavu. Kwa hiyo mlango si mwembamba. Gharama huja baadaye, kwenye petroli, fulana na, tusidanganyane, vile vibahasha vya usiku.

Uzito wa karatasi hii ya sita nenda ukaulizie ng'ambo ya Athi. Jua la Makueni ni lilelile la Kanyangi, na mchanga ni uleule. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti hiyo waligombana juu ya bajeti hata kazi zikakwama. Septemba 2014 risasi zililia katika majengo ya bunge na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia sahihi ombi kwamba kaunti yao ivunjwe, tume ikaundwa kuchunguza nayo ikapendekeza ivunjwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Kaunti hiyohiyo, mwaka 2016, ilianza mpango wa matibabu ambao jamaa nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Watu wa upande huu walikuwa wakitazama mto na kuhesabu. Fedha zilikuwa za kaunti, na kuzipitisha au kuzizuia ilikuwa kazi ya watu waliochaguliwa kwa karatasi ya sita.

Jioni mpwa wangu alirudi kwenye swali lake. Nilimweleza sheria ilivyo: ukiwa na miaka 18 na kitambulisho au pasipoti, unajiandikisha pahali pamoja tu, na utapiga kura palepale. Ukiandikishwa Nairobi, karatasi yako ya sita ni ya wadi ya Nairobi. Huwezi kuichukua ukaitia debeni Kanyangi. Ukihama unaweza kuomba uhamishwe, lakini kabla daftari halijafungwa. Matokeo ya kila kituo hubandikwa mlangoni kwa Fomu 36A, na asiyeridhika hupeleka kesi kwa hakimu katika siku 28.

Susu alikuwa akichambua kunde. Akasema kura ya kijijini ni nzuri, lakini mwaka 2022 wajukuu wawili waliojiandikisha hapa hawakuja. Mmoja alikuwa na mtihani, mwingine alikosa nauli. "Wamezipoteza kwenu, na kwetu pia hazikufika," alisema. Kisha akamuuliza msichana: hiyo Jumanne ya Agosti utakuwa wapi? Maji unayokunywa mwaka mzima ni ya nani? Mpwa wangu akajaribu kumbishia kwamba shida kubwa iko huku. Susu akamjibu kwamba shida yake anaijua, na jina la diwani wake analijua, na la baba yake diwani, na nyumba anamolala.

Tuliondoka asubuhi. Njiani mpwa wangu alikuwa kimya mpaka tulipovuka Athi, ndipo akaniuliza wadi tunayokaa Nairobi inaitwaje, na mwakilishi wake ni nani. Jina la wadi nililijua. La mwakilishi, haki ya Mungu, sikulijua, nami nimeishi pale miaka tisa. Tuliposhuka Machakos kunywa chai, nikampigia simu bawabu wa langoni petu. Alinitajia mara moja, na akaniambia pia anakoshinda siku ya Jumamosi.